"Check" ya Kiingereza: maana zake nyingi na asili yake (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Anayejifunza Kiingereza hukutana na *check* mapema, na humsumbua muda mrefu. Mwalimu anamwambia a-*check* hesabu zake. Benki inamwandikia *cheque*. Hotelini anaombwa a-*check in*. Kwenye sataranji mpinzani anatamka *check*, na shati la mirabamiraba nalo linaitwa hivyohivyo. Kamusi huzipanga maana hizi kwa namba, moja chini ya nyingine, kana kwamba zimekutana njiani tu. Karibu zote ni za ukoo mmoja. Ukishaijua nasaba yake, huna haja ya kuzikariri moja moja.

Neno hili lilianzia wapi?

Kwenye bao la sataranji. Mchezo wenyewe ulizaliwa Bara Hindi, yapata karne ya 6, ukiitwa *chaturanga* kwa Kisanskriti, maana yake "viungo vinne", yaani vikosi vinne vya jeshi la kale: askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Waajemi waliuchukua wakauita *chatrang*. Waarabu walipoiteka Uajemi katika karne ya 7 nao waliupenda, na kwa kuwa Kiarabu hakina sauti ya "ch", jina likawa *shatranj*. Sataranji yetu imetoka huko.

Mfalme wa bao Waajemi walimwita *shah*, kama walivyomwita mfalme wao wa kweli. Kete ikimtishia mfalme wa mpinzani, mchezaji alitamka "Shah!" ili kumwonya mwenzake. Tamko hilo lilisafiri pamoja na mchezo. Kwenye Kilatini cha Ulaya ya zama za kati likawa *scaccus*, kwenye Kifaransa cha kale *eschec*, na Kifaransa ndiyo lugha ya mabwana walioitawala Uingereza baada ya Wanormandi kuivamia mwaka 1066. Kufikia karne ya 14 Waingereza walikuwa wakilitumia kama neno lao.

Wengi hushangaa kusikia kwamba *chess*, jina la mchezo wenyewe, ni wingi wa neno hilohilo. *Eschec* ikiwa nyingi ni *esches*. Waingereza wakaidondosha silabi ya mbele, ikabaki *chess*. Kwa hiyo anayecheza *chess*, kwa asili ya neno, anacheza "wafalme".

Na *checkmate*? Ni kweli maana yake ni "mfalme amekufa"?

Hivyo ndivyo vitabu vingi vinavyosema, na msemaji wa Kiswahili huridhika upesi, kwa sababu *mata* ya Kiarabu, "amekufa", ni ndugu wa mauti na maiti tulizo nazo sisi. Lakini usemi wenyewe ni wa Kiajemi, *shah mat*, na katika Kiajemi *mat* ni mtu aliyeduwaa, aliyeshindwa, asiye na la kufanya. Wanaisimu wengi huegemea upande huu, nami naegemea huko pia, kwa sababu kanuni ya mchezo inaunga mkono. Katika sataranji mfalme hauawi wala haondolewi baoni. Mchezo unakwisha akiwa bado amesimama kwenye nyumba yake, akitishiwa, bila pa kukimbilia. Huyo hajafa. Ameishiwa.

*Mate* ya hapa isichanganywe na *mate* ya Waingereza na Waaustralia wanapoitana rafiki. Hiyo ni ya asili ya Kijerumani, na mwanzoni ilimaanisha mtu mnayekula naye meza moja.

Tamko la mchezoni liligeukaje kuwa "kagua"?

Hili ndilo swali lenye faida kuliko yote, basi tulifuate polepole.

Mfalme akitishiwa, mchezaji hana hiari. Hata kama alikuwa anapanga shambulio zuri upande wa pili wa bao, ni lazima aliache kwanza amwokoe mfalme. Mwendo wake wote umekatizwa. Watu wakaanza kulitumia *check* nje ya bao kwa jambo lolote linalomsimamisha mtu ghafla: kurudishwa nyuma vitani, kukaripiwa, kukwama. Kitenzi nacho kikafuata: *to check* ikawa kuzuia. Mpanda farasi huzuia farasi wake kwa hatamu, mtu mzima huzuia hasira yake. Maana hii bado ni hai. Kiingereza kinasema ugonjwa umewekwa *in check*, nasi tunasema umedhibitiwa. Wachezaji wa magongo ya barafuni huita *check* pale mmoja anapomgonga mwenzake kwa mwili ili kumkata mwendo. Na Wamarekani walioandika katiba yao mwaka 1787 walitaka kila mhimili wa dola uweze kuwazuia wenzake. Huo mpango ndio unaoitwa *checks and balances*.

Hatua iliyofuata ilipita kwenye hesabu za fedha. Unamzuiaje karani asiibe? Kwa kuweka kumbukumbu ya pili, iliyo mikononi mwa mtu mwingine, ili zilinganishwe. Kumbukumbu hiyo ya pili ilizuia udanganyifu, kwa hiyo nayo ikaitwa *check*. Kufikia mwisho wa karne ya 17 kule kulinganisha kwenyewe, kuangalia kama hiki kinakubaliana na kile, kulikuwa kumeshaitwa *to check*. "Kagua", ambayo leo ndiyo maana ya kwanza inayotujia kichwani, ni mjukuu wa "zuia", na "zuia" ni mtoto wa "mfalme yuko hatarini".

Neno *control* limepita njia hiyohiyo, ila kwa kurudi nyuma. Lilitoka kwenye *contre-rolle* ya Kifaransa, daftari la pili la kuhakikishia lile la kwanza. Lilianza kama kukagua, likaishia kuwa kuzuia na kutawala.

Basi *cheque* ya benki imetoka hapo?

Ndiyo, kwenye ile kumbukumbu ya pili. Katika karne ya 17 wafua dhahabu wa London waliwatunzia watu fedha, na mwenye fedha aliweza kumwandikia mfua dhahabu barua ya kuagiza amlipe fulani kiasi fulani. Barua hizo hazikuwa zikiitwa *cheque*. Mwaka 1717 Benki Kuu ya Uingereza ilianza kutoa karatasi za malipo zilizochapwa, zenye nakshi pembeni. Karatasi ilikatwa kupitia kwenye nakshi, kipande kimoja akaondoka nacho mteja, kingine kikabaki. Ukileta karatasi ya kughushi, nakshi hazitakutana. Kipande kile cha kuhakikishia ndicho kilichoitwa *check*, na baadaye jina likahamia kwenye karatasi nzima.

Tahajia ya *cheque* ilikuja nyuma zaidi, katika karne ya 19. Waingereza walitaka kuitenga karatasi ya benki na maana nyingine za neno, na kwa kufanya hivyo wakaisogeza karibu na *exchequer*, jina la hazina ya ufalme. Wamarekani hawakujisumbua, kwao karatasi ya benki bado ni *check*.

Nimesoma kwamba *cheque* ni neno la Kiarabu, *sakk*. Kweli?

Dai hili limeenea sana, na linastahili jibu la heshima, kwa sababu nusu yake ni kweli.

Kilicho kweli ni kwamba *sakk* ilikuwepo. Wafanyabiashara wa dola za Kiislamu waliandikiana hati za madeni na malipo karne nyingi kabla ya wafua dhahabu wa London. Msafiri Ibn Hawqal, katika karne ya 10, aliandika kuhusu hati ya namna hiyo ya dinari 42,000, deni la mfanyabiashara wa Awdaghust, mji uliokuwa kusini mwa Sahara katika Mauritania ya leo, kwa mtu wa Sijilmasa huko Moroko. Wingi wa *sakk* ni *sukuk*, na neno hilo wasomaji wa Tanzania na Kenya wameshalisikia kwenye habari za uwekezaji unaofuata sheria ya Kiislamu.

Kisicho na ushahidi ni kwamba jina la Kiingereza lilitoka huko. Kama lingetoka huko, tungetarajia liingie Kiingereza likiwa na maana ya agizo la malipo. Halikuingia hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 18 *check* ilikuwa ile sehemu ya kuhakikishia, wala si agizo lenyewe. Sauti za maneno mawili zinakaribiana, vitu vinakaribiana, lakini njia ya kuviunganisha haionekani. Kuwapa Waarabu sifa ya kutangulia katika hati za malipo hakuhitaji kuwapa na neno ambalo si lao. Kwanza sehemu yao katika *check* ni kubwa na inajulikana: wao ndio walioufikisha mchezo wa sataranji Ulaya.

Neno letu hundi nalo lina njia yake ya pekee. Limetoka Bara Hindi, kwa wafanyabiashara waliotumiana fedha kwa hati za jina hilo kote katika Bahari ya Hindi, Unguja ikiwemo.

Kwa nini hazina ya Uingereza ina jina la bao la sataranji?

Kwa sababu ya kitambaa cha meza.

Bao la sataranji kwa Kilatini cha wakati ule liliitwa *scaccarium*, na kwa Kifaransa cha kale *eschequier*. Chini ya Mfalme Henry I, aliyetawala kuanzia 1100 hadi 1135, Uingereza ilikuwa na kikao cha kuhesabu mapato ya mfalme. Mara mbili kwa mwaka, wakati wa Pasaka na wakati wa sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli mwezi Septemba, masherifu wa majimbo yote walikuja kueleza walichokusanya. Tunajua mambo yalivyokwenda, kwani mweka hazina Richard FitzNigel alikiandikia kikao hicho kitabu katika miaka ya 1170.

Anasema meza ilikuwa na urefu wa futi 10 na upana wa futi 5, na ukingo wa vidole vinne kuzunguka ili kitu kisidondoke. Juu yake kilitandikwa kitambaa cheusi chenye mistari. Kati ya mistari waliweka vidude vya kuhesabia: safu ya peni, safu ya shilingi, ya pauni, ya ishirini-ishirini, ya mamia, ya maelfu. Mpango huu ulikuwa na sababu yake. Hesabu ziliandikwa kwa namba za Kirumi, zisizo na sifuri, na jaribu mwenyewe kutoa XLVIII kutoka MCCXIV kwa kalamu. Kwenye kitambaa, hata sherifu asiyejua kusoma aliona kwa macho yake deni lake likipungua au likibaki. FitzNigel anaeleza kwamba meza iliitwa hivyo kwa kufanana na bao la sataranji, na anaongeza kuwa hata shughuli yenyewe ilifanana na mchezo, mweka hazina na sherifu wakipambana kama wafalme wawili.

Ile *x* ya *exchequer* ni kosa la wasomi. Waliiona *es-* ya Kifaransa wakadhani imetokana na *ex-* ya Kilatini, basi wakairekebisha pasipohitaji kurekebishwa.

Sherifu akilipa, alipewa kijiti kilichochanjwa alama za kiasi alicholipa, kikapasuliwa katikati. Nusu moja ikawa yake, nyingine ya hazina, na siku ya hesabu nusu mbili zilikutanishwa. Ni wazo lilelile la nakshi ya benki, miaka mia kadhaa kabla. Vijiti viliachwa kutumika mwaka 1826, na tarehe 16 Oktoba 1834, wakivichoma kwenye matanuru ya Bunge, moto ulishika ukateketeza sehemu kubwa ya Jumba la Westminster. Jengo la Bunge analolijua kila mtu kwa picha lilijengwa baada ya moto huo.

Waziri wa fedha wa Uingereza bado ni *Chancellor of the Exchequer*. Nasi tulirithi: Kenya ilikuwa na sheria ya *Exchequer and Audit*, na Tanganyika pia, na hadi leo magavana wa Kenya wakilalamika kwamba fedha za kaunti zimechelewa, neno *exchequer* halikosekani kwenye habari.

Shati la *check* na mchezo wa *checkers* ni haohao?

Haohao. Bao lina nyumba nyeusi na nyeupe kwa zamu, basi chochote chenye mpangilio huo kikaitwa *chequered* au *check*: kitambaa, sakafu, bendera ya kumalizia mashindano ya magari. *Checkers* ni jina la Kimarekani la drafti, mchezo ambao vijiweni kwetu huchezwa kwa vizibo vya soda. Na angalia Kiswahili kilivyofanya jambo lilelile bila kuiga: mchezo ni drafti, na shati la mirabamiraba watu huliita shati la drafti.

Kiingereza pia husema mtu ana *checkered past*, yaani huko alikotoka kuna meupe na meusi.

Mmarekani na Mwingereza hutofautiana wapi?

Mmarekani akimaliza kula huomba *check*; Mwingereza huomba *bill*. Alama ya ✓ kwa Mmarekani ni *check*, kwa Mwingereza ni *tick*, na kwa Mtanzania aliyewahi kupiga kura ni alama ya vema. Hundi tumeshaieleza. Kwenye maandishi yetu rasmi tahajia ya Kiingereza cha Uingereza ndiyo inayotumika zaidi, hivyo andika *cheque* ukimaanisha hundi na *check* kwa mengine.

*Check in*, *checkpoint*, *rain check*: hizi nazo?

Zote zimetoka kwenye "hakikisha" na kwenye kile kipande cha ushahidi. Unapo-*check in* jina lako linalinganishwa na orodha. Reli za Marekani katika karne ya 19 zilitumia vibati vyenye namba, kimoja kwenye mzigo na pacha wake mkononi mwa abiria, na kibati hicho ni *check*. *Rain check* ilianza kwenye viwanja vya besiboli vya Marekani katika miaka ya 1880: mvua ikivuruga mchezo, kipande cha tikiti kilikuruhusu kurudi siku nyingine. Leo mtu akisema atachukua *rain check* anaukataa mwaliko kwa upole na kuomba uahirishwe.

*Checkpoint* ni kizuizi cha ukaguzi, neno linaloshika maana mbili, kuzuia na kukagua, kwa wakati mmoja. Kile mashuhuri cha Berlin, Checkpoint Charlie, hakikupewa jina la mtu. Charlie ni herufi C katika alfabeti ya mawasiliano ya jeshi. Vilikuwepo pia vya Alpha na Bravo.

Mimi nimesoma Kifaransa, Kongo. *Échec* inahusika?

Inahusika sana. *Échec* ni *eschec* ile ile, imepoteza *s* tu. Wafaransa waliipeleka upande mwingine: aliyezuiwa ameshindwa, basi *échec* ikawa kufeli, kama wanavyojua wanafunzi wote wa Kongo na Burundi siku ya matokeo. Wingi wake, *échecs*, ni sataranji. Na *chèque*? Hiyo Wafaransa waliiazima kutoka kwa Waingereza, kwa hiyo neno lilivuka mkondo wa bahari, likakaa karne kadhaa, likarudi na kazi mpya.

Kiswahili kina jamaa wa neno hili, mbali na kuazima *cheki*?

Kinaye, tena wa heshima: shaha. Ni *shah* ileile ya Kiajemi. Kwenye sataranji shaha ni mfalme, na kwenye ushairi shaha ni mtunzi aliyewapita wenzake, ndiyo maana tunasema shaha wa malenga. Waingereza walilipokea neno likawa la kuzuia na kukagua; Waswahili walilipokea tukawavika washairi wetu. Hilo hunifurahisha kila ninapolifikiria.

*Cheki* ni mgeni wa juzi, lakini hajakaa bure. Mtaani inamaanisha tazama ("cheki ile gari"), fuatilia ("tunacheki mechi") na pia wasiliana nami ("nicheki jioni"), maana ambayo *check* ya Kiingereza peke yake haina. Imeshapata viambishi vyetu: kuchekiwa, tuchekiane. Hospitalini kuna chekapu.

Kucheka je? Na shehe? Na Wacheki?

Kucheka ni Kibantu halisi, haina undugu na *check*. Hukutana tu kwenye ukanushi: "hacheki" yaweza kuwa hatabasamu au haangalii, na muktadha ndio unaoamua.

Shehe ni Kiarabu, asili yake mzee, na si *shah*. Wareno waliyachanganya kwa maandishi tu: kwao *xeque* ni shehe, na *xeque* pia ni tishio kwa mfalme wa sataranji, maneno mawili yenye asili mbili.

Wacheki wa Ulaya ya kati wana jina lao la Kislavi, na Kiingereza huliandika *Czech* kwa tahajia iliyopitia Kipolandi.

Ninapotafsiri, nitumie neno gani?

Jiulize kwanza *check* ya mbele yako imesimama wapi katika ile nasaba. Kama ni ya kuzuia, zuia au dhibiti. Kama ni ya kulinganisha na ukweli, hakiki au thibitisha. Kama ni ya kutafuta kasoro, kagua. Kama ni kutupa jicho tu, angalia inatosha, na usimbebeshe msomaji "hakiki" pasipo na cha kuhakikiwa. Daktari hupima. Mhasibu hukagua. Kwenye fomu za mtandaoni *check the box* ni "weka alama ya vema kwenye kisanduku", na watafsiri wanaoandika "kagua kisanduku" humwacha mtumiaji akitafuta kisanduku kina tatizo gani.